Chini ya Meza ya Kukatia

Mtoto anayepimwa nguo hatulii. Hilo ndilo la kwanza nililojifunza kwenye karakana ya shangazi yangu, hata kabla ya kujua kutunga uzi kwenye cherehani. Ukimgusa bega kwa tepu, analiinua hadi sikioni. Ukimwambia nyoosha mkono, anauficha mgongoni. Ukimzungushia tepu kifuani anavuta pumzi, anajaa kama puto, na wewe ukishona kwa kipimo hicho, mama yake atarudi kukuuliza kama sare umemshonea mwanawe au umemshonea mumewe.

Tulikuwa tunashona sare za shule. Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, alinichukua nilipomaliza shule ya msingi na ikaonekana wazi kwamba kwetu hakuna wa kunisogeza mbele zaidi ya hapo. Hakunibembeleza wala hakunionea. Alinipa kiti kifupi karibu na dirisha, sindano, na bakuli la vifungo, akasema hapa hakuna mwalimu, angalia mikono. Basi nikaangalia mikono. Kazi yangu ilikuwa kutia vifungo, kupinda pindo za sketi, kukata nyuzi zinazoning'inia, kupiga pasi, na wateja wakija, kumshika mtoto atulie wakati shangazi anapima.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu. Kulikuwa na cherehani mbili za kukanyaga, moja ya shangazi na moja ya Fundi Miwani, mzee aliyefanya kazi na shangazi tangu zamani, na ambaye miwani yake ilifungwa kisogoni kwa uzi mweusi. Katikati ilikaa meza ya kukatia, imefunikwa kitambaa kizito kilichoshuka pande zote hadi karibu na sakafu. Chini yake tuliweka magunia ya vipande vya vitambaa. Ukikaa kwenye kile kiti changu kifupi, macho yalikuwa sawasawa na uwazi mwembamba uliobaki kati ya kitambaa na sakafu. Waliokaa juu hawakuuona. Mimi niliuona kutwa.

Fundi Miwani aliniita Redio, kwa sababu nilikuwa sisemi. Redio, angesema, hebu punguza sauti, unatutoboa masikio. Halafu anacheka peke yake mpaka miwani inashuka puani.

Ilianza msimu wa kufungua shule, mlango umejaa akina mama na kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Aliletwa mtoto mmoja mwenye pengo, hataki kupimwa. Alikuwa ameshauma tepu, ameshampiga shangazi teke, na mama yake ameshaahidi kumwacha palepale auzwe pamoja na vitambaa. Mimi nilikuwa nimemshika mabega. Nikajikuta nimeinama sikioni kwake, nikamwambia asipige kelele, atamwamsha.

"Nani?" akauliza.

"Mtoto wa chini ya meza."

Akanyamaza. Akageuza macho kuelekea ule uwazi, mwili wote umekuwa mti. Shangazi akapima bega, kifua, kiuno, mkono, urefu, na hakuna aliyejitikisa. Tepu ilipoanguka mtoto akaniuliza kama huyo wa chini ya meza ana meno yote. Nikamwambia hana moja la mbele. Akaondoka ameridhika kabisa.

Sikuwa nimeyapanga maneno yale. Yalikuwa mdomoni tu, kama pini. Mshonaji hubana pini kwa midomo mpaka anasahau kwamba zipo, mpaka mtu amuulize kitu.

Tangu hapo kila mtoto aliyeletwa nilimpa kipande cha hadithi. Hadithi zangu zilikuwa na urefu wa kipimo: nilianza tepu ikigusa bega, nikaacha tepu ikifika gotini, na palipokatika ndipo palipokatika. Kilichobaki utakisikia ukija kujaribu nguo, nilikuwa nasema. Wakawa wanakuja kujaribu kabla ya siku yao, wanawavuta mama zao kwa mikoba. Fundi Miwani akatangaza kwamba Redio imetiwa betri. Akasema mafundi wengine huwarudisha wateja kwa kuwadanganya kwamba nguo iko tayari, ila sisi tumepata uongo mpya, na huu wateja wanaupenda.

Mtoto yule wa chini ya meza alikuwa anawajua watu kwa viatu. Aliogopa vile vyenye visigino vinavyogonga, na mwenye navyo akiingia, alirudi nyuma ya gunia akajikunja. Aliimba kwa pua akiwa peke yake. Na chini kabisa ya gunia, pale ambapo vipande vya zamani vimebanana, alikuwa na njia zake. Akiingia kwenye vipande vya bluu, anatokea kwenye shule ya sare za bluu, anakaa dawati la nyuma, anasoma, na mwalimu akiita majina lake halimo. Akiingia kwenye vya kijani, shule nyingine. Shule zote tulizozishonea alikuwa amezisoma, na hakuna iliyomwandikisha. Hilo watoto walilipenda sana. Wakifika shuleni, wakawa wanaacha nafasi kwenye dawati la nyuma.

Mimi nilikuwa namwona. Sisemi kwamba nilimwona kama ninavyouona mkono wangu. Namaanisha kwamba nikitia kifungo huku nimeelekea ule uwazi, nilijua amekaa wapi, ameegemea gunia lipi, na amenuna au hajanuna. Nilikuwa sibuni. Nilikuwa natazama, nikishatazama nasema.

Siku moja nilimwambia mtoto wa mteja kwamba yule wa chini ya meza ana ujanja wake. Akiachwa kule muda mrefu anachukua uzi, ncha moja anaifunga kwenye kidole gumba cha mguu wake, ncha ya pili anaifunga kwenye pedali ya cherehani ya mama. Mama akikanyaga, uzi unavuta, mguu wake unacheza, naye anajua mama yupo kazini. Uzi ukilegea, anajua mama anakuja.

Cherehani ya Fundi Miwani ikanyamaza katikati ya mshono. Shangazi alikuwa na tepu kwenye mkono wa mtoto, na tepu ikabaki palepale, mpaka mama wa mtoto akauliza kwa utani kama mkono wa mwanawe umeongezeka. Shangazi akaandika kipimo. Baadaye nilikuta ameandika kiuno mahali pa mkono. Wateja walipoondoka akageuka, na kwa mara ya kwanza mtu mzima akanitaka niendelee. Alisema neno moja tu, kisha? Nikamwambia sijui, bado sijaona.

Kuanzia hapo shangazi akabadilika, polepole, vile ambavyo asiyekaa chini asingeona. Akaanza kukanyaga cherehani bila viatu. Akanikataza kufagia chini ya meza, akasema atafagia mwenyewe, na hakufagia. Wakati wa mapumziko ya mchana alikuwa ananiuliza leo anafanya nini. Hakuuliza alifanya nini, wala atafanya nini. Nikimwambia leo amelala, alikuwa anakanyaga taratibu mpaka jioni.

Asubuhi moja, natia mafuta kwenye cherehani yake, nikakuta uzi mweupe umefungwa kwenye pedali. Fundo lilikuwa dogo, la vidole visivyojua kufunga vizuri. Ncha ya pili ilikuwa imelegea, imeingia chini ya meza. Sikuivuta. Niliweka kopo la mafuta mahali pake, nikarudi kwenye kiti changu.

Mchana ule Fundi Miwani aliniita nje, tukakaa kwenye ngazi ya mlango. Alianza kwa kuniuliza nani amenisimulia habari za uzi. Nikamwambia hakuna. Akaniangalia sana juu ya miwani, nadhani akitafuta uongo, akaukosa, na alipoukosa nikaona ameogopa. Ndipo akaniambia kwamba shangazi alikuwa na mtoto.

Hilo nililijua nusu. Kwetu lilikuwa linasemwa kwa kupunguza sauti, shangazi alijaliwa mmoja, akatangulia, basi. Fundi Miwani akanipa nusu ya pili. Mtoto alikuwa bado hajaanza shule, na akina mama wakija msimu wa sare alikuwa anawekwa chini ya ile meza, juu ya magunia, ili asikanyagwe. Ujanja wa uzi ni wake. Alikuwa anaufanya kila siku na shangazi alikuwa anacheka. Siku hiyo alikuwa na homa, si homa ya kutisha, homa ya watoto. Karakana ilikuwa imejaa. Shangazi akamwambia tulia hapo, namaliza hizi tunaenda kwa daktari. Akatulia. Kila mteja aliyeingia alimsifia shangazi kwa kuwa na mtoto mtulivu.

"Shangazi yako hakumsahau, Redio, usije ukafikiri alimsahau," Fundi Miwani akasema. "Alikuwa anainama kila mara anaangalia. Na kila akiangalia anauona mguu wa binti yake unacheza. Unacheza, unacheza. Kumbe ni yeye mwenyewe anakanyaga."

Nilikaa na maneno yale. Lakini kabla hayajanishukia yote, kulikuwa na neno moja lililonigonga kwanza. Alisema binti.

Mimi niliyekuwa namwona alikuwa mvulana. Mvulana mwembamba, kaptula yake imekosa kifungo cha mbele, anaishikilia kwa mkono mmoja akisogea. Nilikuwa sijawahi kulisema hilo kwa mtu. Si kwamba nililificha. Nilisema mtoto. Mtoto ameketi, mtoto ameogopa, ameimba, ameingia kwenye gunia. Nguo zake sikuzitaja, kwa sababu anayeshinda na nguo kutwa hakumbuki kuzisema. Kila neno nililolitoa kinywani lilimtosha mvulana, na lilimtosha binti vilevile. Shangazi alikuwa amesikiliza miezi yote ile, na alichokisikia sicho nilichokisema.

Niliporudi ndani alikuwa anashona gauni dogo la shule. Kila nguo kwenye karakana ilibandikwa kikaratasi chenye jina la mwenyewe, ili zisichanganyike. Lile halikuwa na kikaratasi.

Ningekuwa na akili ya haraka labda ningeacha hadithi siku ile. Ila wakati uleule akaja mama mmoja, mwalimu, ambaye mwanawe alikataa kutoka karakana mpaka ajue yule wa dawati la nyuma alifaulu mtihani au alifeli. Mwalimu akaniuliza hadithi hiyo iko kwenye kitabu gani. Nikacheka. Akasema basi niiandike, anamfahamu mhariri wa vitabu vya watoto. Nikamwambia mimi nimeishia shule ya msingi.

"Wanaokusikiliza hata hiyo hawajaimaliza," akasema. "Andika, dada."

Niliandika wakati wa mapumziko, kwenye karatasi za kaki tunazochorea vipimo, nikilala kifudifudi juu ya meza ya kukatia. Kuandika si kama kusema. Ukisema, uso wa mtoto unakuonyesha mahali ulipoharibu. Ukiandika huna uso wa mtu. Nilichokuwa nacho ni huyu wa chini yangu, na nilipoandika kitu ambacho si kweli nilikuwa nasikia kimya cha namna fulani, basi nafuta. Shangazi alinikatia karatasi mwenyewe. Alinichongea penseli kwa wembe. Zilipokwisha, yule mwalimu akampelekea mhariri. Mhariri alipopiga simu akasema amezisoma zote mara mbili, na mara ya pili alijikuta amepandisha miguu kwenye kiti, na kwamba kitatoka kitabu, aliyefurahi zaidi hakuwa mimi. Shangazi alirudia maneno yaleyale siku nzima. Atakuwa kwenye kitabu. Watoto watamjua. Atasomwa shuleni.

Ndipo akaja mchoraji.

Alikuwa kijana mcheshi, vidole vyeusi kwa penseli, na aliingia akigonga visigino, nikaona kule chini mtu amejikunja. Alisifia meza, akasifia magunia, akapiga magoti akachungulia ule uwazi, akainuka akijifuta magoti. Kisha akatoa karatasi zangu.

"Sasa dada, nimekwama. Nimesoma mwanzo mpaka mwisho, sijui huyu ni wa kike au wa kiume."

Nikamuuliza kwani imeandikwaje.

"Imeandikwa mtoto. Mtoto akavuta uzi, mtoto akaimba. Wewe unaweza kuandika mtoto. Mimi siwezi kuchora mtoto. Nikimvalisha kaptula nimeshasema, nikimvalisha gauni nimeshasema. Au nimchore uchi, mhariri anifukuze kazi?"

Fundi Miwani hakucheka. Cherehani zote mbili zilikuwa zimesimama.

"Wa kike," shangazi akasema. Akainuka bila viatu, akaliendea kabati, akalitoa lile gauni. Lilikuwa limekwisha, limepigwa pasi, limebaki vifungo. Akamtandazia mchoraji mezani, akamwonyesha kola, akamwonyesha marinda, akamwambia amchore amevaa hili. Mikono yake, ile aliyoniambia niiangalie, ilikuwa inalainisha rinda moja baada ya jingine.

Mchoraji akanitazama mimi. Na mimi nikatazama chini, kwa mazoea. Mvulana alikuwa amesikia. Alikuwa amesimama, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja, amejiinamia chini ya mbao, ameshikilia kaptula yake, ananitazama kama mtu aliyeambiwa chumba kimepata mpangaji mwingine. Alikuwa hana dai lolote. Alikuwa anasubiri nimwambie aende wapi.

Nikamwambia mchoraji aniachie karatasi, apite kesho.

Mvua ilikuwa imeanza, wateja hawakuja. Fundi Miwani akajifanya anakwenda kununua sindano. Niliketi kwenye kiti changu kifupi, shangazi yuko juu kwenye cherehani na gauni mapajani, ananyoosha mkono kwenye bakuli langu la vifungo, anachagua. Nilijua kwamba nikinyamaza, kitabu kitatoka, shangazi atakuwa na mtoto wake, na hakuna duniani atakayejua kwamba kulikuwa na mwingine. Kunyamaza ndiyo kazi niliyoizoea. Lakini nikinyamaza, yule aliyesimama kule chini hana pa kwenda, na aliyemwona ni mimi peke yangu.

Nikasema, "Shangazi, mtoto ninayemwona mimi ni wa kiume."

Hakuinua kichwa. Akaendelea kuchagua vifungo. Akauliza nani amenituma nimwambie hivyo, ni Fundi? Nikasema hakuna aliyenituma. Akauliza kwa hiyo nilikuwa nimemchezea. Nikasema hapana. Akaniambia uzi ulikuwa wa binti yake, kuimba kwa pua kulikuwa kwa binti yake, nilivijuaje mimi niliyekuwa bado kuzaliwa? Nikasema sijui nilivijuaje. Nilichokijua nilimwambia chote: uembamba wake, kaptula, kifungo kilichokosekana, mkono unaoishikilia, na jinsi anavyosimama sasa hivi.

Shangazi akakiachia kifungo kwenye bakuli.

"Anaogopa viatu, huyo," akasema, taratibu. "Mimi hilo nilishangaa tangu mwanzo. Wangu haogopi. Wangu alikuwa anawauma wateja vidole."

Mvua inapiga bati. Kisha akasema jambo ambalo fundi wa sare peke yake angelisema. Sisi hukata nguo nyingi kwa pamoja, na vipande vya kila nguo huvifunga fungu lake, mgongo, kifua, mikono, kola. Msimu ukizidi, mafungu mawili hufunguka yakaingiliana, na mshonaji aliyechoka hutia mkono wa nguo moja kwenye mwili wa nguo nyingine. Inashonekana vizuri tu. Haionekani mpaka mtu aivae.

"Umechanganya mafungu, mwanangu," akasema. "Wapo wawili."

Alasiri nzima tulikaa tukiyafungua. Nilikuwa namsomea karatasi moja baada ya nyingine, na shangazi, macho ameyafumba, anagawa kama anavyogawa vipande: huu uzi wangu, hii pua ya kuimba yangu, kujificha nyuma ya gunia wako huyo, kutafuna chaki wangu, alikuwa haachi chaki. Mara mbili alicheka. Tulipofika kwenye njia za chini ya gunia, zile shule zote na dawati la nyuma, akafumbua macho. Akasema hilo hajui ni la nani. Wake alikuwa hajaanza shule. "Waache waende wote," akasema.

Mchoraji alipokuja tukamwambia arudi baada ya muda mrefu, kwa kuwa sasa wako wawili. Akasema afadhali hakuwa ameanza kuchora, na akauliza kama tukikaa zaidi watafika darasa zima.

Nikaandika upya. Sasa ndipo nilipojua kwamba mwanzo nilikuwa nimeandika vituko tu, sikuwa nimeandika kitabu. Mtoto mmoja akikaa peke yake anaweza kukaa milele. Wakiwa wawili, mmoja atamuuliza mwenzake tunangoja nini. Binti alikuwa msemaji, mchokozi, anamtania mvulana kaptula. Sikujua atasema nini mpaka aseme. Na mvulana akamuuliza huo uzi mguuni ni wa nini. Akamjibu, mama akinihitaji atauvuta. Mvulana akamtazama mguu, unacheza, unacheza. Yeye ambaye kila kiatu kilimrudisha nyuma ya gunia, akatambaa kwa tumbo mpaka kwenye pedali, pale ambapo miguu ni mikubwa na karibu, akafungua fundo.

Ukurasa huo nilimsomea shangazi kabla ya mhariri. Nilisoma ameketi kwenye cherehani, mguu wake uko kwenye pedali. Nilipofika kwenye fundo aliuondoa, akauweka sakafuni, na wa pili akauweka pembeni yake. Hakulia. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Kisha akauliza binti alipofunguliwa alikwenda wapi, nikamwambia ameingia kwenye vipande vya bluu, ameketi dawati la nyuma, ameshaanza kuwauma watu vidole. Akasema ndivyo alivyo.

Kitabu kilitoka. Siku hizi mimi huitwa kwenye shule, hata zile tulizozishonea, na watoto huniuliza mawazo nayapata wapi. Walimu husimama nyuma wakingoja niseme habari ya bidii na kusoma sana. Nawaambia watoto kwamba mimi hukaa chini. Nawaambia kama kuna mtu mnamwona pembeni ya jicho, msimpe jina haraka, kwanza mtazameni kavaa nini. Wanacheka. Wawili watatu hawacheki, na hao ndio ninaowatazama.

Lakini nilitaka kusema habari ya picha. Mchoraji alizileta karakana kabla hazijachapwa. Shangazi aliosha mikono ndipo akazishika. Binti alikuwa amevaa lile gauni, na shangazi akaweka kidole kwenye kola, akasema imelala vibaya, mchoraji akairekebisha palepale. Akaiangalia tena muda mrefu mpaka akatosheka. Ndipo kidole chake kikahama, kikamfikia mvulana, aliyechorwa nusu yuko kivulini, mkono kiunoni.

Akaniuliza huyu ni wa nani.

Nikasema sijui, Shangazi. Nilimkuta tu.

"Uliza basi. Ana mama huyo. Mahali fulani kuna mwanamke anainama kuangalia chini ya kitu, na mtoto hayupo, kwa sababu yuko kwangu."

Bado nafanya kazi karakana. Msimu ukifika, akina mama wanajaa mlangoni, shangazi anashika tepu na mimi nashika mabega. Tepu ikigusa bega nasema habari ya mvulana mwembamba aliyeshikilia kaptula yake, nasema sasa kwamba ni mvulana, nasema kifungo gani kimekosekana na upande gani. Mtoto anatulia. Simtazami mtoto. Namtazama mama, macho yake, nikingoja atakayeacha kutabasamu.